Kodiani ya Wimbo wa Rhoda

Mwanangu Atupele,

Mama yako ameshakwambia yote ya safari. Amekwambia ukae upande gani wa basi jua lisikuchome, simu uifiche wapi ukisinzia, na ukifika Arusha usioge maji ya baridi mpaka mwili uzoee. Nilikuwa namsikia kutoka chumba cha pili, nikaona hakuna alichoniachia. Kwa hiyo nitaandika lile ambalo yeye alisimuliwa nusu, na ambalo wewe unalijua kuliko mtu yeyote. Ni habari ya wimbo wa Mama Enesi na kile kipande cha kodiani.

Uliacha kulitaja siku nyingi. Mimi sikuwahi kulitaja kabisa. Tumekaa kwenye chumba kimoja cha studio, wewe na kiti chako na mimi na changu, tukirekodi kwaya na matangazo ya maduka, tukiulizana habari za nyaya na umeme tu. Sasa unakwenda kwa watu wanaotengeneza muziki wa filamu, na kazi yako itakuwa kuchagua sauti za vyombo vya mbali ambavyo hujawahi kuvishika. Sitaki uondoke ukidhani baba yako hakuelewa alichokutendea. Nilielewa siku ileile, pale pale.

Unajua nilikulia Mbozi, kwenye kahawa ya babu yako. Ambalo hukuambiwa ni kwamba kanisani kwetu nilikuwa kwenye bendi ya matarumbeta, na nilitolewa. Mwalimu wa bendi hakunigombeza. Alinisogelea baada ya mazoezi akasema, "Wewe utatusaidia kubeba vitabu vya nyimbo." Nikabeba vitabu mpaka nilipooa. Nilipohamia Tunduma nikaanza kwa kuwawekea nyimbo kwenye simu madereva wa malori waliokuwa wakisubiri kuvuka mpaka, kisha nikapata kompyuta, kisha hiki chumba chetu cha hapa Chapwa. Watu wakaanza kuniita mwanamuziki, nami sikuwasahihisha. Ugonjwa ulianzia hapo, mwanangu, haukuanzia kwenye kodiani.

Kompyuta ilinifaa kwa sababu haikuniuliza kama najua kupiga. Na nilipozijua zile pakiti za sauti, nilijiona nimefika. Mtu amekaa huko Ulaya na fidla yake, au filimbi ya mbao, au lile zumari la mfuko linalopigwa limebanwa kwapani, akarekodi noti mojamoja au kipande kizima, akaziweka mtandaoni ili mtu kama mimi azipakue na kuziingiza kwenye wimbo wake. Ni biashara halali. Aliyerekodi ameruhusu. Mimi niliongeza kitu kimoja tu ambacho hakukiruhusu: mteja akiuliza nani amepiga, nilikuwa nasema, "Tumepiga hapahapa." Ulikuwa unanisikia. Mara ya kwanza ulicheka ukidhani natania.

Halafu Mama Enesi akaja kutoka Msangano.

Unamkumbuka alivyoingia, amefunga kitenge kiunoni kama mtu anayetoka kulima, akakataa kiti. Dada yake Rhoda aliolewa ng'ambo ya mpaka, Nakonde, akafia huko wakati wa mvua kubwa. Barabara ya Msangano ilikuwa imekatika. Mama Enesi alifika Nakonde wamekwisha kuzika, watu wameanza kutawanyika, na shemeji yake Mzee Simfukwe akampokea bila kumpa mkono. Alitusimulia hayo akiwa amesimama, bila kulia, kisha akasema, "Nimetunga wimbo. Sina kingine cha kumpelekea."

Ukamwomba auimbe bila chombo. Akaimba. Kwenye kiitikio alilitaja jina la dada yake, akalivuta, Rhodaaa, mpaka pumzi ikamwishia, akanyamaza kidogo, ndipo akaendelea. Ukamuuliza, "Mama, unataka sauti gani iende na wewe?"

Akafikiri. "Nataka kitu kinachovuta pumzi kama mtu anayejizuia kulia."

Ulifanya kazi ile vizuri, mwanangu, na sikukwambia. Ulimsikilizisha fidla, akasema inalia kama mbu sikioni. Ulimsikilizisha zumari la mfuko, akacheka, akasema hilo litamfukuza marehemu kaburini. Filimbi ya mbao akaiona ina furaha mno. Kile kinanda cha kuzungushwa kwa mkono kikamtisha. Ulipofika kwenye kodiani akainua kidole. "Hiyo ina mapafu," akasema.

Tulikuwa na pakiti mbili za kodiani. Moja ilikuwa ya noti mojamoja, imerekodiwa kwenye kodiani kuukuu ambayo mikunjo yake inavuja, unasikia vitufe vinavyogonga na upepo unavyoingia. Hiyo ilitaka mtu akae apige, noti kwa noti. Ya pili ilikuwa na vipande vilivyokamilika, safi, vitamu, unaweka tu wimbo unaanza kutembea. Wewe ulitaka ya kwanza. Nakumbuka maneno yako.

"Baba, hiki kipande mtu yeyote anaweza kuwa nacho."

Nikakujibu, "Tunduma hii nani anasikiliza kodiani ya Ulaya?"

"Na Mama Enesi je? Kipande hakimsubiri. Akivuta jina, chenyewe kinaendelea."

"Basi asivute."

Nilisema hivyo mbele yake. Na yeye, kwa sababu mimi ndiye mwenye studio, akakubali. Aliimba tena na tena akikimbizana na kile kipande, na kila alipofika kwenye jina alichelewa. Mwishoni nikamwambia aliache jina, aseme "dada" tu, neno fupi. Akasema, "Sawa, Baba Atupele." Mama mzima alitoka Msangano na kitu kimoja cha kumpelekea marehemu, nami nikamwambia akikate ili kiingie. Wewe ulivua hedfoni ukaziweka mezani, ukatoka nje. Nikadhani una njaa.

Kwa nini nilikichagua kile kipande? Nimejiuliza mara nyingi, na jibu lake ni dogo hata naona aibu kuliandika. Kilikuwa na madoido. Nilijua watu wakikisikia watauliza nani kapiga, nami nilitamani kuulizwa. Ile kodiani yako ya kuvuja ingemfanya kila mtu amsikilize Mama Enesi. Hii ingewafanya wanisikilize mimi.

Mambo ya siku ya kuuzindua wimbo kanisani kwetu nitayaandika japo ulikuwepo, kwa sababu nataka uone kwamba na mimi niliyaona.

Kanisa lilijaa. Mama Enesi alikuwa amewaalika wakwe wa dada yake kutoka Nakonde, akiwa na hamu wapatane kupitia wimbo. Walikuja na kwaya yao, akina mama wamevaa sare, na Mzee Simfukwe mbele amekaa na fimbo yake. Kipande cha kodiani kilipoanza kwenye spika, kabla Mama Enesi hajafungua kinywa, nikaona akina mama wa Nakonde wanageukiana. Mmoja akashika mdomo. Mzee Simfukwe akasimama, akanyoosha mkono tuzime.

Ukazima.

Alisema kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Huu ni mwanzo wa wimbo wetu. Kwaya yetu iliuimba tukimteremsha Rhoda. Shemeji, hukuja kumzika dada yako. Sasa umechukua wimbo wa maziko yake ukaufanya wako?"

Mama Enesi hakuelewa hata anaambiwa nini. Alikuwa hajawahi kuusikia wimbo wao, kwani alifika kaburi limekwisha kufunikwa. Mimi nilielewa mara moja. Fundi wao huko Nakonde alipakua pakiti ileile, akachagua kipande kilekile, labda kwa sababu ileile. Nyimbo zilikuwa mbili tofauti kabisa zilizovaa shati moja la dukani. Ningesema hivyo, jambo lingeisha kabla ya maji kupoa.

Mama Enesi akanigeukia. "Baba Atupele, waambie. Kodiani imetoka wapi?"

Watu wote wakanitazama. Watu walewale niliowaambia kwa miaka kwamba tunapiga hapahapa. Na mimi, mwanangu, nikakunyooshea mkono wewe.

Nikasema, "Binti yangu ndiye aliyepiga."

Kisha, kana kwamba haikutosha, nikakuuliza mbele ya kanisa, "Si wewe uliyepiga, Atupele?"

Uliniangalia. Sijui ulikuwa unasubiri nini usoni mwangu. Ukasema, "Ndiyo."

Mzee Simfukwe akasema, "Basi apige tumsikie."

Kinanda cha kanisa, ulichokuwa ukipiga kila Jumapili, kilikuwa pale pembeni. Nilimwomba Mungu ukosee. Nakuapia, nilisimama nikaomba mwanangu ashindwe, ili aonekane ameiga vibaya, au amechanganyikiwa, chochote. Nilisahau una masikio ya namna gani. Ulikaa, ukaugeuza mlio uwe wa kodiani, ukakipiga kipande chote kama kilivyo, hadi yale madoido ya mwisho ambayo mimi nisingeyaweza hata kwa kufundishwa. Wala hukukitazama kinanda. Ulinitazama mimi kuanzia noti ya kwanza hadi ya mwisho. Ulidhani unaniokoa, na kweli uliniokoa.

Ulipomaliza, mama mmoja wa Nakonde akasema, "Ndio huohuo. Katoto kamesikia wimbo wetu kakauiba." Na kwa kuwa ulikuwa umeupiga bila kosa hata moja, hakuna aliyeweza kukutetea.

Yaliyofuata unayajua zaidi yangu. Wakwe waliondoka bila kula. Mama Enesi alifunga virago akarudi Msangano. Wazee wa kanisa wakakuondoa kwenye kinanda kwa muda, na huo muda haukuisha. Wenzako wa kwaya wakakubandika jina lile, la mwizi wa nyimbo, ukawa unapita nje ya mazoezi yao kwenda dukani na kichwa chini. Ulikuwa na tabia ya kuimba kwa sauti ya chini ukiosha vyombo. Mama yako ndiye aliyegundua umeacha. Akaniuliza, "Huyu mtoto ana nini?" Nikasema, "Ni umri."

Nilijiambia wewe ni mdogo, yatapita, watu wa mpakani husahau haraka kwa sababu kila siku kuna sura mpya. Nilijiambia nikisema kweli studio itafungwa, na studio ndiyo inayotulisha. Kila sababu niliyoipata ilikuwa nzuri. Nimejifunza, na nakupa kwa bei niliyoinunulia: mtu akiwa na sababu nyingi nzuri za kunyamaza, huwa anaogopa kitu kimoja tu. Mimi niliogopa kurudishiwa vitabu vya nyimbo nibebe.

Lililonitoa huko ni wewe, na hukujua. Ni siku walipokupigia simu kutoka Arusha. Ulikuwa umewatumia kazi uliyoijenga peke yako kwa ile kodiani inayovuja, noti kwa noti. Ulikuwa umesimama mlangoni, na simu yako ina sauti kubwa, nikamsikia mtu wa upande wa pili akiuliza nani amepiga kodiani. Ukamjibu kama anayetaja saa: "Noti ni za mtu wa Ulaya, zimetoka kwenye pakiti. Mpangilio na kupiga ni mimi." Wakakuchukua.

Niliinamia meza nikajifanya natafuta waya. Sentensi fupi kama ile. Imeniponyoka maisha yangu yote, na mwanangu ameisema akiegemea mlango.

Kesho yake nilikuaga kwamba nakwenda Mkwajuni kumwona mteja. Nilikudanganya tena, na uongo huo naomba uwe wa mwisho. Nilikwenda Msangano.

Nilimkuta Mama Enesi anapepeta ufuta. Alinipa kigoda akaendelea kupepeta. Nikamweleza yote, ya pakiti, ya kipande, ya kwamba wewe hukuiba wala hukutunga, kwamba nilikusukuma mbele nikajificha nyuma yako. Alinisikiliza mpaka mwisho, ungo haukusimama.

"Nilijua," akasema.

"Ulijuaje, mama?"

"Nilimtazama binti wakati anapiga. Mtu anayepiga kitu chake hamwangalii baba yake namna ile."

Nikamuuliza kwa nini basi hakusema. Akauweka ungo chini. "Ningesema nini? Mimi sijui hayo ya kompyuta. Wewe ndiye uliyekuwa na kinywa."

Nikamwambia tuurekodi upya, bure, na kodiani ile uliyoitaka wewe, avute jina la Rhoda kadiri pumzi itakavyofika. Nilidhani atafurahi. Akatikisa kichwa. "Ule sitaurudia. Nikimtaka Rhoda namwimba shambani." Halafu akasema, "Mimi huna haja ya kuniambia, nilijua. Nenda kawaambie wasiojua."

Nilikaa siku kadhaa bila kwenda. Nakwambia hilo usije ukadhani baba yako alibadilika kuwa shujaa. Nilivuka mpaka mara mbili nikarudi na viazi. Mara ya tatu nilibeba kompyuta, nikafika kwa Mzee Simfukwe, nikamkuta na mwalimu wa kwaya yao.

Nilifungua ile pakiti nikawapigia kipande. Kisha nikawapigia kilichofuata, na kilichofuata, wasikie kwamba viko vingi, vimepangwa kama vitambaa dukani. Mwalimu wa kwaya alielewa kabla ya mzee. Akasema fundi wao aliwaambia kodiani imepigwa na rafiki yake wa Ndola. Akacheka peke yake, kisha akaacha.

Mzee Simfukwe aliiweka fimbo yake chini. Akasema, "Kwa hiyo siku ile nilimtukana shemeji yangu kanisani kwa ajili ya kitu ambacho si chetu wala si chake."

"Ndiyo, mzee."

"Na yule mtoto."

"Na yule mtoto."

Hakunifariji, na sikustahili. Alisema atakwenda Msangano mwenyewe ufuta ukishavunwa. Kama atakwenda au hatakwenda sijui. Aliponisindikiza hadi njiani alisimama, akaniita Baba Atupele kwa namna ya kwao, akaniuliza, "Bashi Atupele, binti yako anajua kwamba umekuja hapa?"

"Hajui."

"Kwa nini?"

"Naona haya."

"Basi yeye ndiye uliyemruka," akasema, akageuka kurudi kwake.

Kweli nilikuwa nimekuruka. Ilikuwa rahisi kumkabili mzee wa nchi nyingine kuliko kukugeukia kwenye kiti cha pili, tena tumekaa hivyo kila siku. Ndiyo maana naandika badala ya kusema. Ni woga huohuo, umevaa nguo safi kidogo.

Sina mengi ya kukufundisha kuhusu kazi yako. Utapewa pakiti za kila namna huko, vinanda vya milimani na fidla za vijijini Ulaya, na utachagua vizuri kwa sababu huwa unamsikiliza kwanza anayeimba, ndipo unakisikiliza chombo. Hilo nililiona kwako nikaliita ukaidi. Kipande kizuri kisichomsubiri mtu amalize jina la ndugu yake, kiache kilipo. Na yule mtu aliyekaa chumbani kwake huko Ulaya akavuta mikunjo ya kodiani, mtaje. Hutamjua jina, lakini sema yupo. Ukisema yupo, na wewe utakuwepo.

Ila kuna jambo moja huko litakukuta, nami ndiye niliyelipanda. Siku moja mkubwa wako atakosea, atakutazama mbele ya watu jinsi nilivyokutazama. Mikono yako itataka kumwokoa, kwa kuwa mimi ndiye niliyeizoesha. Hukuwa na deni kwangu siku ile, Atupele. Ulikuwa na haki ya kusema, "Sikupiga mimi." Nami ningeanguka, na pale ndipo mahali nilipopaswa kuanguka.

Nimeongea na mchungaji. Jumapili, baada ya matangazo, atanipa nafasi nisimame niseme mbele ya kanisa kodiani ilitoka wapi na nani alidanganya. Mama yako nitamwambia ukishaondoka, nikirudi kutoka stendi.

Nilitaka kukuomba usogeze safari mpaka Jumatatu ili uwepo. Nilikuwa nimeshaliandika ombi hilo, hapo juu, nikalifuta kwa wino mpaka karatasi ikatoboka, utaona. Nilijiuliza nakutaka uwepo kwa nini. Nikajikuta nakuona umekaa mstari wa mbele unanitazama, na watu wanakuona unanitazama, na mimi napata nguvu. Yaani nilitaka unisaidie kusimama tena.

Usisogeze. Nenda kazini kwako.

Jumapili nitasimama peke yangu, na ukisikia kutoka kwa watu nilichosema, basi ujue hicho ndicho. Usipotaka kunijibu, usinijibu. Usipotaka kunisamehe bado, kaa hivyo mpaka utakapotaka mwenyewe.

Aliyekuwa nyuma yako siku ile,
baba yako.